Mwaka Walinzi Walipovua Kofia

Marlow Falls, Wisconsin
15 Januari 2017

Mdogo wangu Corinne,

Salamu zangu zivuke theluji hii yote zikufikie huko juu ulikojificha. Sisi tupo. Duane mgongo bado unamsumbua ila mdomo mzima, kutwa analalamikia baridi kana kwamba imekuja mwaka huu. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako inalia mpaka inachoka. Duane kaniambia, "Si umwandikie barua?" Nikamwambia, "Kwa mwandiko huu wa kuku aliyeparua majivu?" Akasema, "Corinne kashakuzoea." Basi ndiyo hii, vumilia.

Habari kubwa ni Brody. Kachaguliwa tena tarumbeta za mbele kwenye beni yetu ya Walinzi. Walikuja vijana mpaka kutoka Texas na Florida kujaribiwa, wengine na tarumbeta zinazong'aa kuliko gari letu, na mwanangu kawapita wote. Sijisifu, nasema kilichotokea. Mwalimu wao alinishika bega akasema, "Mama Brody, huyu mtoto ana pumzi ya farasi." Nikamwambia pumzi hiyo ni ya upande wetu, si ya Duane na kina Tesch wenzake.

Habari ya pili ni sare. Walinzi wanavua kofia. Wewe unajua, tangu baba yetu akipiga ngoma humo, Walinzi ni koti la sufu la buluu, vifungo vya shaba, na ile kofia ndefu nyeusi yenye unyoya mweupe, ukingo wake umeshuka mpaka kwenye macho na mkanda chini ya kidevu. Vyote vinaingia kabatini. Beni kubwa zote siku hizi zinavaa nguo za kunyumbuka, zimebana mwili, rangi zimechapwa kama moshi, kichwa wazi, uso wazi. Wametuletea mbunifu, kijana anaitwa Kellan, kavaa soksi zisizofanana kwa makusudi. Anasema majaji wa mashindano wanataka kuona binadamu, wamechoka na askari wa bati. Na chumba cha cherehani kapewa nani akisimamie? Dada yako, aliyeacha shule akaenda kufunga jibini kiwandani. Jeanette Wozny alidhani atapewa yeye. Bado amenuna.

Jambo la tatu nalisema polepole. Vijana wamepiga kura kuhusu Garrett wako. Mwaka jana alipotutoka, siku ile ya mapumziko kule kwenye maji ya machimbo, walimwachia nafasi yake kwenye mstari mpaka mwisho wa msimu, kama desturi ya beni mtu akitoka katikati na hatua zimeshafundishwa. Mwaka huu ndio angetimiza umri wa mwisho wa kukaa kwenye beni. Kwa hiyo wamesema pengo lake libaki, atimize mwaka wake wa mwisho. Michoro ya hatua imechorwa na nafasi yake ndani. Ni pembeni ya Brody. Nilidhani utafurahi kujua.

Njoo unisaidie zipu. Hakuna anayeshona zipu kama wewe.

Dada yako, Marlys

*

Kaskazini, kando ya Ziwa
6 Februari

Dada Marlys,

Barua yako nimeipata, salamu nimezipokea, nami nakurudishia. Mimi mzima. Mbwa mzima. Ziwa limeganda mpaka upeo wa macho, kimya sana. Mpe pole Duane, mwambie apake mafuta ya moto.

Hongera ya Brody. Vijana washukuru kwa niaba yangu kwa lile pengo.

Nina ombi moja. Kofia zisiondoke mwaka huu. Zikiondoka mwakani sina neno. Kiangazi hiki kimoja tu. Wewe wanakusikiliza. Waambie.

Zipu sitaweza.

Corinne

*

Marlow Falls
4 Machi

Mdogo wangu,

Usinikasirikie kuchelewa. Kitambaa kimefika, marobota kwa marobota, na nyumba yangu haina mahali pa kuweka hata kikombe. Duane anakula akiwa amesimama. Natumaini baridi imekupungukia na mbwa hajambo. Nimekutumia soseji za paa kwa yule mtoto wa kina Aune anayepita huko, usimpe mbwa zote.

Ombi lako nilililipeleka, usidhani nililifungia sandukuni. Nilimwambia Kellan, "Kofia za Walinzi zina wenyewe." Akanitazama hivi, kama mtu anayetazama picha ya kale. "Mama Tesch," akasema, "ukiwa jukwaani juu kabisa, unamtambua mwanao?" Nikamwambia namtambua kwa mwendo. Jeanette akacheka nyuma yangu, "Mwongo. Mwaka jana ulimpungia mkono mtoto wangu kipindi kizima." Chumba kizima kikacheka, maana ni kweli. Mle ndani ya kofia wote ni mtu mmoja.

Basi ndio hivyo. Zimeshauzwa kwa shule moja huko Iowa. Na kusema kweli, Corinne, ungeona kazi yangu usingezililia. Vazi la kipande kimoja, kijivu kinachopanda kuwa cheupe mabegani, linashika mwili kama ngozi ya pili. Brody alipolijaribu, alisimama sebuleni, nikaona kumbe mwanangu ana shingo ndefu hivi. Nimemlea na sikuwahi kuiona.

Lakini niambie, kwa nini kofia? Wewe ndiye uliyekuwa ukisema zinawapikia watoto ubongo.

Dada yako, Marlys

*

Kando ya Ziwa
27 Machi

Dada,

Soseji zimefika, asante, mbwa kapata mbili. Barafu imeanza kulia. Inavuma chini kama mtu anayeburuta meza kwenye nyumba ya jirani.

Umeniuliza, nitakujibu, na usimsomee Duane.

Baada ya mazishi ulishangaa kwa nini niliifuata ile beni. Ulisema mama mwingine angekaa ndani na mapazia yamefungwa. Niliendesha gari Ohio, Indiana, Pennsylvania, kote walikocheza, nikikaa juu kabisa kwenye viti vya bei ndogo. Mara ya kwanza nilikwenda kulitazama pengo. Nilitaka kuona majani matupu pale aliposimama. Mstari ukafunguka, wakageuka, manyoya yakageuka pamoja, na sikuona pengo. Mstari ulikuwa umejaa.

Nikadhani wameweka mtu. Nikashuka nikamuuliza Brody. Akasema, "Hapana, mama mdogo, pako wazi. Tunapita kando yake." Siku nyingine nikakaa tena. Umejaa. Unamjua Garrett na ule mguu wake wa kushoto, unavyochelewa kidogo kama unasikiliza kwanza. Ulikuwepo, Marlys. Kofia imeshuka, mkanda kidevuni, na mguu unachelewa.

Sikumwambia mtu. Sikuogopa hata kidogo. Nilikwenda kumtazama mwanangu akifanya gwaride kama mama yeyote, nikala na bisi.

Sasa mnawavua kofia. Alikaa siku nne ndani ya maji ya machimbo kabla hawajampata. Nyinyi mlimwona kwenye jeneza lililofungwa. Mimi ndiye niliyeitwa kwenye kile chumba kumtambua. Akija bila kofia, dada, atakuja na uso gani?

Na kama hataki nione uso huo, hatakuja kabisa. Sijui lipi baya zaidi.

Corinne

*

Marlow Falls
8 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Najua ni muda. Rubabu, ile mboga chachu ya mabua mekundu, imechipua nyuma ya banda, nimeoka mkate mtamu wa kwanza na Duane kaumaliza akiwa bado anasema hana hamu. Hapa ni salama. Kanisani wanakuulizia, nawaambia upo unapumzika.

Barua yako niliisoma nikaiweka. Nikaichukua tena nikaiweka. Sitabishana na wewe. Mama aliyefiwa haambiwi alichoona. Mimi sikuona, lakini mimi nilikuwa nikimpungia mtoto wa Jeanette, kwa hiyo macho yangu si ya kutegemea.

Nitakuambia jambo moja, na ulipokee kwa moyo niliolifanyia. Mavazi yamekwisha, yote, kabla ya siku iliyopangwa, na Kellan mwenyewe kasema hajaona mishono kama hii hata California. Siku ya mwisho nilikuwa nakata, mkono unakwenda wenyewe, nikamaliza vazi nikalitundika. Jeanette akasema, "Hili la nani?" Nikalitazama mabega. Mapana, na mkono wa kulia mrefu kidogo. Tangu aanze beni nilikuwa nikimpunguzia na kumwongezea koti, vipimo vyake viko vidoleni mwangu. Nilikuwa nimemshonea Garrett.

Nikamwambia Jeanette, "La akiba." Akasema, "Akiba yenye mkono mmoja mrefu?" Nikamwambia ashughulike na sindano yake.

Sikuweza kulifumua. Nimelitundika mwisho wa safu kwenye lori la sare, na litasafiri nao kiangazi chote. Nilifikiri, kama wamemwachia nafasi, basi na nguo aachiwe. Hakuna mama mkubwa mwingine katika Wisconsin nzima angefanya hivyo, na nasema bila kujisifu.

Niandikie.

Dada yako, Marlys

*

Kando ya Ziwa
15 Mei

Marlys,

Natumaini nyote hamjambo.

Mwaka jana alikuja na alichokuwa nacho. Hakuna aliyemwita. Sasa umemshonea nguo. Ulikuwa mama mkubwa tangu alipozaliwa, unamjua alivyo. Ukimpa kitu hakiachi kitundikwe. Atakivaa ili usivunjike moyo.

Lifumue. Au usilifumue, limeshashonwa, sijui mambo haya yanakwendaje. Usiniandikie tena kuhusu nguo.

Corinne

*

Barabarani, Indiana
28 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia juu ya ndoo iliyogeuzwa, uwanja wa shule fulani, mbu kama njiwa. Duane kabaki nyumbani na mgongo wake. Mimi nimepanda na beni kama fundi wa sare, nalala kwenye gari la jikoni pamoja na Jeanette anayekoroma kama trekta. Tunakula mayai na viazi kila asubuhi. Brody kakonda na kaungua jua, ni mzuri mpaka wasichana wa beni nyingine wanajifanya wamepotea njia.

Onyesho la kwanza lilikuwa jana. Corinne, watu walisimama. Vichwa wazi, nyuso wazi, ile mishono yangu ikimwaga rangi wanapokimbia. Walikuwepo wazee wa zamani waliovaa jaketi za Walinzi, wamenuna kwenye uzio. Mmoja akasema, "Kofia ziko wapi? Wamekuja na nguo za kulalia?" Nikamjibu, "Wewe ndiye uliyelala, babu, amka." Mwisho wa onyesho alikuwa analia. Na mimi nilimwona mwanangu tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Sikumpungia mtoto wa mtu.

Pengo pia linaonekana vizuri sana. Wanalizunguka kwa heshima.

Kazi yangu baada ya onyesho ni kuyapokea mavazi yakiwa yamelowa jasho, kuyageuza ndani nje, kuyanyunyizia pombe kali ya bei ndogo iliyochanganywa na maji ili yasinuke, na kuyatundika yakauke. Jana Jeanette alianzia mwisho wa safu. Akaniita, "Marlys, nani kavaa hili la akiba?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi mbona limelowa?" Nikamwambia lori lina mvuke, paa la bati linadondosha. Akalinusa. "Mvuke haunuki chumvi," akasema. Jeanette ni mtu wa maneno mengi, unamjua.

Ulisema nisikuandikie kuhusu nguo. Nimekuandikia kuhusu Jeanette.

Tutakuwa Minnesota katikati ya Julai, si mbali na wewe. Njoo. Sikulazimishi. Lakini njoo uangalie mwenyewe, upumzike na hofu ya uso. Tiketi nitakuachia getini kwa jina lako.

Marlys

*

Kando ya Ziwa
19 Julai

Dada Marlys,

Nimefika salama, mbwa hakunila. Asante ya tiketi na ule mkate wa rubabu uliomwachia yule binti wa getini. Mpe Brody busu la mama mdogo wake. Nilimwona kwa mbali, na kweli ana shingo.

Sikuja kukusalimia, unisamehe. Nilikuwa nimepaki gari likiwa limetazama barabara, tayari kukimbia.

Nilikaa juu kabisa. Walipoingia nilifunika macho kwa mikono, halafu nikafungua vidole kidogo kidogo. Nikatafuta mstari wa tarumbeta. Nikampata Brody. Nikatazama pembeni yake.

Majani tu, Marlys. Majani na chokaa. Walipogeuka, likageuka nao, tupu. Walipokimbia, likakimbia, tupu. Nilitazama mpaka noti ya mwisho na hakuna mguu uliochelewa. Niliogopa kwamba nitavunjika nikiliona hivyo, na sikuvunjika. Nilikaa pale nikajisikia kama mtu aliyetua mzigo akashangaa mikono yake inapanda yenyewe. Mama mmoja mbele yangu akageuka akaniuliza, "Una mtoto humo?" Nikamwambia, "Nilikuwa naye." Ndiyo mara ya kwanza nimeitamka hivyo.

Nimerudi nimelala usingizi wa kweli. Jana nimeiunganisha simu.

Kwa hiyo nakushukuru kwa kofia kuondoka. Ulikuwa sahihi na mimi nilikosea, iweke barua hii, hutaipata nyingine ya namna hiyo.

Jambo moja tu linanikereketa. Nilikuona. Ulikuwa chini kwenye uzio, na fulana yako ya kijani. Nilitaka kucheka, nikasema sasa nitamwona Marlys akimtazama mwanawe kama jua limechomoza. Hukuwa ukimtazama Brody. Alipiga pale peke yake, uwanja mzima ukapiga makofi, na wewe hukugeuza hata kichwa. Ulikuwa ukitazama hatua moja pembeni yake. Na mdomo wako ulikuwa ukisema kitu.

Ulikuwa ukitazama nini, dada?

Nafikiria kuja Indianapolis kwenye fainali. Ndiyo siku ambayo angeagwa pamoja na wenzake waliotimiza umri. Nimuage na mimi, tumalize.

Mdogo wako, Corinne

*

Barabarani, Kentucky
29 Julai

Mdogo wangu Corinne,

Barua yako imenikuta uwanjani na nimeisoma nikiwa nimeketi kwenye ngazi ya lori. Nimefurahi mpaka nimewagawia watoto peremende. Umelala, umeunganisha simu, umekubali kwamba nilikuwa sahihi. Mungu akupe nini tena. Duane anasalimu, mgongo umekubali kuinama, jana kapanda mwenyewe juu ya banda, mjinga yule. Brody mzima kabisa. Walimu wanasema hawajaona mpiga tarumbeta wa umri wake anayesimama wima hivyo, na mimi nawaambia hawajaona kitu.

Usije Indianapolis. Nakuomba kama dada yako mkubwa, na sikuombi mara nyingi. Hoteli zimejaa, joto ni la kuua, na wewe ndiyo kwanza umepata usingizi. Umeliona pengo, limekupa amani, baki na hilo. Hapa sisi tutashughulikia. Nikuambie ukweli, ulishamlea vizuri, hukubakiza kazi.

Umeniuliza nilikuwa nikitazama nini. Nilikuwa nikitazama mishono yangu. Fundi huwezi kumzuia. Vazi likiwa uwanjani ndipo unapojua kama bega limekaa, na limekaa, Corinne, mkono wa kulia haujapanda hata kidogo anaponyanyua. Jeanette nimemwondoa kwenye kufua. Sasa safu yote naipokea mwenyewe, nageuza mwenyewe, natundika mwenyewe. Kanuna, atazoea. Wale watoto wa tarumbeta hawasemi kitu. Wanapopanga foleni kunirudishia mavazi wanaachiana nafasi kwenye foleni pia, wala sijawauliza.

Na kuhusu lile uliloliogopa mwezi wa tatu, lile la kofia kuondoka akabaki wazi, usilibebe tena. Uso hauna neno. Alikuwa mtoto mzuri na ni mtoto mzuri. Wenzake wote wanatazama majaji. Yeye ananitafuta mimi kwenye uzio, kila onyesho, mpaka nimnong'oneze kwamba nguo imempendeza, ndipo anapotulia. Nimesema sana. Joto hili.

Kuna kitu kimoja kinachonitia aibu kama fundi, na ni wewe tu wa kunisaidia. Mavazi nilishona mimi, ila viatu kila familia ilimwagizia mtoto wake mwezi wa nne, vile vyepesi vya kijivu. Vazi lina kamba inayopita chini ya wayo, na kwenye yote inarudi safi kwa sababu iko ndani ya kiatu. Kwenye vazi moja inarudi ya kijani kwa majani, na juzi ilikuwa imekatika, na kitambaa cha hapo kina damu. Nimeishona, nimeiosha, imekatika tena. Uwanja wa Indianapolis hauna majani, ni zulia la plastiki linalochoma.

Sitaki uje wala sitaki uulize. Nitumie tu namba ya kiatu cha Garrett, kwa simu, siku hiyo hiyo utakayopata barua hii, ili viwahi. Ni msimu wake wa mwisho. Siwezi kumwacha amalize miguu mitupu mbele ya watu wote wale, waseme mtoto huyu hana mama.

Dada yako anayekupenda,
Marlys